Dada, Usiyazoee Maumivu ya Nyonga

Mwanamke anayeamka mzima, akachapa kazi vizuri mpaka adhuhuri, kisha ikifika saa kumi jioni anatembea amejishika kiuno, si mvivu. Hadeki. Hajarogwa. Huenda ndani ya nyonga yake kuna mishipa ya damu inayojaa kadiri siku inavyosonga, na mishipa hiyo inaonekana kwa mashine, inapimwa kwa milimita, na mara nyingi inatibika bila kupasuliwa tumbo. Naandika haya nikiwa na hasira na matumaini kwa pamoja. Hasira, kwa sababu wanawake wetu wanaambiwa wavumilie kitu chenye tiba. Matumaini, kwa sababu tiba yenyewe imeanza kutusogelea.

Nasema na wewe uliyezaa wawili, watatu, watano. Wewe unayekaanga samaki Feri tangu alfajiri. Wewe mwalimu uliyemaliza vipindi vyote umesimama ubaoni, wewe muuguzi wa zamu ndefu, wewe dada wa saluni unayesuka kichwa kimoja saa nne mfululizo. Kazi zenu zote mnazifanya mkiwa wima. Asubuhi huna neno. Jua likipanda, uzito unaanza chini ya kitovu, upande mmoja zaidi, mara nyingi wa kushoto. Jioni unahisi kama kuna kitu kinataka kushuka. Unakaza khanga kiunoni, unaegemea meza, unahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Ukijilaza kidogo na miguu ukaiweka juu ya mto, unapata nafuu. Kesho yake ni yale yale. Siku chache kabla ya hedhi hali inazidi. Na baada ya tendo la ndoa maumivu hayaishii usiku ule. Unaamka nayo, na wakati mwingine unashinda nayo.

Kama hali hiyo imekaa nawe miezi 6 au zaidi, hayo ni maumivu sugu ya nyonga, na una haki ya kutafutiwa chanzo chake. Si kutulizwa tu. Kutafutiwa chanzo.

Najua umeshaambiwa mengi. Kwanza uliambiwa UTI, ukapewa vidonge vya siku saba. Baadaye UTI sugu. Kisha PID, ukachomwa sindano, ukarudi, ukachomwa nyingine. Jirani alikwambia ni chango la uzazi, akakuletea mizizi ya kuchemsha. Mama mkwe alisema zaa mwingine litatoka lenyewe. Kuna aliyekuambia ni jini mahaba ndiye hataki ukae na mumeo. Na kwenye simu yako kila siku kuna mtu anauza vidonge vya kuweka ukeni vya kusafisha kizazi, na maelfu ya wanawake wanampongeza. Anayekuombea mwache akuombee. Lakini hivyo vidonge vya ukeni, dada yangu, viache leo. Haviifikii mishipa ninayoizungumzia, na vinaweza kukuunguza na kukuletea maambukizi ambayo hukuwa nayo.

Mishipa yenyewe ni hii. Damu ikishatumika na mwili hurudi moyoni kupitia vena. Ikitoka kwenye ovari na mfuko wa uzazi inapaswa kupanda, na wewe umesimama, na dunia inaivuta chini. Ndiyo maana ndani ya vena kuna vali, na kazi ya vali ni kama ya mlango unaofunguka upande mmoja tu: damu ipande, isirudi. Vali zikilegea damu inashuka tena. Inajikusanya kuzunguka kizazi na ovari, vena zinatanuka, zinajipinda, kuta zake zinavutwa, na mvuto huo ndio uzito unaousikia jioni. Ni ugonjwa wa aina moja na ile mishipa iliyojiviringa unayoiona kwenye miguu ya mama zetu. Tofauti ni kwamba ile ya miguuni inaonekana kwa macho na kila mtu anakupa pole. Hii imejificha, kwa hiyo unaulizwa kama kweli unaumwa.

Mimba ndiyo huilegeza mishipa hii zaidi. Mwanamke akishika mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na vena za ovari zinaweza kutanuka mpaka zikabeba damu mara 60 ya kawaida. Homoni za ujauzito nazo hulainisha kuta za mishipa. Baada ya kujifungua vena nyingi hurudi, nyingine hazirudi vizuri, na mimba ya pili inazikuta tayari zimechoka. Upande wa kushoto una shida ya ziada ya kimaumbile: vena ya ovari ya kulia huingia moja kwa moja kwenye vena kuu ya mwili, lakini ya kushoto huingilia kwenye vena ya figo, na hiyo vena ya figo yenyewe inapita katikati ya mishipa miwili mikubwa inayoweza kuibana. Ikibanwa huko juu, damu inarudi nyuma na kushukia nyongani. Hukujitakia. Hukukosea chakula wala hukulala vibaya.

Sasa fikiria nchi yetu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Kenya mwaka huohuo ilikuwa 3.4. Ugonjwa unaowapata hasa wanawake waliozaa zaidi ya mara moja, walio bado katika umri wa kuzaa, utakosaje kuwa kwetu? Upo. Upo kwenye foleni za zahanati, umeandikwa UTI kwenye kadi.

Na si ugonjwa mpya. Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Howard Taylor, aliandika kwa kirefu kuhusu damu inayotuama nyongani na maumivu yanayotokana nayo. Kwa miaka mingi baada yake wengi walilipuuza jambo hilo. Ilikuwa rahisi zaidi kusema mwanamke ana mawazo. Ndipo mwaka 1984, London, Richard Beard na wenzake wakachukua wanawake 45 waliokuwa wakiumwa nyonga kwa muda mrefu, waliochunguzwa tumboni kwa kamera na kuambiwa hakuna kitu. Wakawapiga picha za vena kwa dawa maalumu. Wengi wao walikutwa na vena zilizotanuka, na dawa ikichelewa kutoka kwa sababu damu haiendi. Soma tena hapo: walikuwa wameambiwa hakuna kitu.

Kwa nini kamera haikuona? Kwa sababu mgonjwa anapochunguzwa tumboni kwa kamera analazwa, mara nyingi kichwa kikiwa chini, na tumbo linajazwa gesi. Katika mkao huo vena zinanywea. Ndivyo ilivyo hata kwa ultrasaundi ya kawaida: umefika saa mbili asubuhi, umelala chali, mtaalamu ametazama kizazi, ametazama ovari, ameandika kila kitu kawaida. Kilichotazamwa ni kweli ni cha kawaida. Vena hazikutazamwa.

Kwa hiyo anza na daftari. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Kila siku kwa miezi miwili andika saa maumivu yalipoanza, ulikuwa unafanya nini, umesimama au umekaa, yalifika ngapi kati ya 0 na 10, yalipungua ulipolala au la. Weka alama siku za hedhi. Weka alama siku za tendo la ndoa na asubuhi yake. Hakuna atakayelisoma ila wewe na daktari wako. Andika kama una mishipa iliyovimba mapajani kwa nyuma, matakoni au kwenye mashavu ya uke, hata kama ilijitokeza wakati wa mimba tu. Hiyo ni dalili kubwa ambayo wanawake huificha kwa aibu, na mganga asipoambiwa haangalii. Ukiingia kwa daktari na kusema "naumwa tumbo la chini," utapata dawa ya tumbo la chini. Ukiingia na daftari linaloonyesha siku 60 za maumivu yanayopanda jioni na kushuka ukilala, unampa mtu yeyote makini kitu cha kufikiria.

Na msiseme kijijini hakuna vipimo. Mwaka 1988 kundi lile lile la Beard lilionyesha kuwa mambo mawili tu, yaani mwanamke kusema anabaki na maumivu baada ya tendo la ndoa, na kuumia daktari anapobonyeza usawa wa ovari tumboni, yakikutana pamoja yaliwatambua asilimia 94 ya wanawake wenye tatizo hili, na kuwatoa asilimia 77 ya wasio nalo. Swali moja na vidole viwili. Hilo linafanyika Namtumbo na Muhimbili vilevile. Tatizo letu kubwa ni kwamba lile swali haliulizwi, na likiulizwa linaulizwa mbele ya watu watatu pazia likiwa wazi. Mganga, mkunga, daktari: funga mlango, vuta kiti, uliza. Mwanamke wa kwetu hatakuambia habari ya kitandani mwake kama hujamwonyesha kwamba hutashtuka.

Ukishafika penye ultrasaundi, omba kwa jina: ultrasaundi ya dopla ya vena za nyonga. Ikiwezekana ifanywe kwa ndani, kwa njia ya uke, maana hapo kipimo kinakuwa karibu na mishipa. Omba miadi ya mchana au jioni, baada ya kusimama. Mwombe mtaalamu akutazame ukiwa umeketi nusu au umesimama, na si umelala tu. Atakuambia ukaze pumzi kama mtu anayesukuma haja kubwa; usione haya, kaza kweli, kwa sababu hapo ndipo damu inayorudi nyuma inapojionyesha kwenye skrini. Vena ya ovari ikiwa na upana wa milimita 6 au zaidi, na damu ikionekana inashuka badala ya kupanda, kuna la kufuatilia. CT-Scan au MRI huongeza picha, hasa pale inaposhukiwa kwamba kuna mshipa uliobanwa huko juu.

Lakini nisikudanganye ili nikutie moyo. Si kila maumivu ya nyonga ni ya vena, na si kila vena iliyotanuka inauma. Wapo wanawake wenye vena pana wasiosikia chochote. Endometriosisi inauma nyonga. Fibroidi, maambukizi ya kweli ya mirija, kibofu, utumbo, hata misuli ya nyonga yenyewe, vyote vinauma. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja. Daktari mzuri atavipitia vyote kabla ya kugusa vena, na ukiona anafanya hivyo mvumilie, anafanya kazi yake. Na kuna hali zisizosubiri daftari: umekosa hedhi na umeshikwa na maumivu makali ya ghafla, una homa na uchafu wenye harufu, unatoka damu baada ya kukoma hedhi, unakonda bila sababu. Hapo nenda hospitali leo.

Ikithibitika ni vena, kuna ngazi za tiba. Dawa za kutuliza maumivu husaidia kwa muda, ila kuzila kila siku kwa miaka kunaharibu tumbo na figo. Zipo dawa za homoni. Medroksiprojesteroni, dawa ileile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, imetumika kwa namna ya vidonge kupunguza maumivu haya, na goserelini nayo, inayozima ovari kwa muda. Zinafanya kazi kwa wengi, lakini ukiziacha maumivu mara nyingi hurudi, na goserelini haifai kutumika muda mrefu kwa sababu mifupa inapungua nguvu. Usijiandikie mwenyewe. Zamani waliokata tamaa walitolewa kizazi na ovari, wengine wakiwa bado vijana. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu ushauri huu bado unatolewa. Mwaka 2003 watafiti wa Korea Kusini walichapisha ulinganisho wa wanawake 106 waliotibiwa ugonjwa huu kwa njia tofauti, na waliozibwa vena walipata nafuu zaidi kuliko waliotolewa kizazi. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba dawa ya maumivu yako ni kutoa kizazi, kabla ya kutia saini uliza: je, vena zimepimwa? Je, kuziba vena kumefikiriwa?

Kuziba vena ndiko ninakotaka ukuelewe vizuri, usije ukaogopa jina. Unalala chali kwenye kitanda chembamba, uko macho, unaweza kuongea. Unachomwa ganzi shingoni au kwenye kinena. Daktari anatoboa tundu dogo, anapitisha mrija laini uitwao katheta ndani ya vena, akiutazama kwenye skrini ya eksirei pembeni yako. Anaushusha taratibu hadi kwenye vena ya ovari. Anaingiza dawa inayofanya damu ionekane, na unaweza kuhisi joto likipita nyongani kwa sekunde chache. Kwenye skrini sasa ule ugonjwa uliobishiwa miaka yote unaonekana: damu inashuka, inajaza vena zilizojipinda, haitoki. Basi anaweka koili, nyuzi nyembamba za metali zinazojiviringa zikitoka kwenye mrija, na mara nyingi povu la dawa inayokausha mshipa. Damu inaganda pale, vena mbovu inafungwa, na damu inafuata vena nyingine nzima kurudi moyoni. Zipo za kutosha. Kazi inachukua saa moja au mbili. Hakuna mshono, ni plasta tu, na wengi wanalala kwao siku hiyohiyo.

Siku za kwanza unaweza kuumwa kama maumivu ya hedhi, na nafuu yenyewe huja kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Kizazi kipo. Ovari zipo. Hedhi inaendelea, na wapo waliobeba mimba baadaye, ingawa mimba mpya inaweza kulegeza vena nyingine. Hatari zake zipo na daktari lazima akuambie: koili kuhama, damu kuganda pasipotakiwa, mshipa kutoboka, mionzi kupita karibu na ovari. Ni chache, lakini ni zako kuzijua kabla ya kukubali. Na kama chanzo ni mshipa uliobanwa huko juu, huenda ukahitaji stenti ya kuupanua.

Je, inafanya kazi? Tangu madaktari wa Uingereza waripoti kisa cha kwanza mwaka 1993, njia hii imesambaa duniani. Mwaka 2006 wataalamu wa Johns Hopkins huko Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 127 waliozibwa vena. Kati ya waliofuatiliwa kwa miaka, asilimia 83 walipata nafuu. Asilimia 13 hawakuona tofauti kubwa, na asilimia 4 walizidiwa. Sikufichi hao wa mwisho. Lakini ukiwa umeumwa tangu kitinda mimba wako yuko tumboni, na sasa anaingia darasa la nne, asilimia 83 ni namba ya kuifungia safari.

Na safari si ya India peke yake. Hadi mwaka 2018 Tanzania haikuwa na mahali pa kufundishia tiba radiolojia, fani ya hawa madaktari wanaotibu kwa kupita ndani ya mishipa. Mwaka huo ulianza mpango wa mafunzo Muhimbili, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale. Walimu wa kigeni wakawa wanapokezana kuja kufundisha mikono ya vijana wetu, na leo shahada ya uzamili ya fani hiyo inatolewa hapohapo Dar es Salaam. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan nayo ina wataalamu wa fani hii. Kwa hiyo omba barua ya rufaa. Uliza idara ya tiba radiolojia kama wanaziba vena za ovari, na kama hawazibi, uliza nani anaziba. Uliza bima yako inalipa nini, uandikiwe majibu kwa karatasi. Daktari wa wilaya akisema hajawahi kusikia ugonjwa huu, usimdharau na usikate tamaa. Mwonyeshe daftari, mwombe akuandikie rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake. Huhitaji akubaliane nawe. Unahitaji akuandikie.

Fedha ndiyo itakayowarudisha wengi nyuma, nalijua hilo. Nasema hivi: sisi ni watu wa kuchanga. Kwa harusi tunatengeneza kadi, tunafungua kundi la simu, tunamteua mweka hazina, tunamkumbusha asiyetoa mpaka atoe. Send-off ya usiku mmoja inakusanya mamilioni. Ukoo unaoweza hayo unaweza kumlipia dada yao ultrasaundi ya dopla na nauli ya basi. Wewe uliye na sauti kwenye familia, itisha kikao. Usisubiri aombe mwenyewe, hataomba, amefundishwa kunyamaza tangu unyago wake.

Na wewe kaka. Shemeji. Mume. Mkeo anapogeuka upande wa pili usiku, usikimbilie kudhani amekuchoka au ana mwingine. Anahesabu gharama ya kesho: kama usiku huu utakwenda vizuri, kesho atasimama vipi sokoni. Mwulize inauma wapi na inauma lini. Kisha nenda naye kliniki, ukae naye kwenye benchi, na daktari akisema "ni kawaida ya wanawake," uwe wewe wa kusema si kawaida kwa mke wangu. Nimeona sauti ya mume ikifungua mafaili ambayo sauti ya mgonjwa haikuyafungua. Si haki iwe hivyo, lakini kama ndivyo ilivyo leo, itumie hiyo sauti kwa ajili yake.

Wakunga, kwenu nina ombi dogo. Mama anaporudi wiki ya sita na mtoto wake, mnapima uzito wa mtoto, mnaangalia kidonda, mnazungumza uzazi wa mpango. Ongezeni swali moja: mama, jioni ukiwa umesimama, kuna uzito chini ya kitovu? Akisema ndiyo, liandikeni kwenye kadi. Akirudi na mimba nyingine, mtu wa pili atalikuta limeandikwa. Hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili.

Dada, hutapona kwa kusoma makala. Utapona kwa kupimwa. Chukua tarehe. Kama ni wiki hii, taja siku. Mwambie bosi, mwambie mwenye kibanda cha jirani akuangalizie meza, mwachie mtoto shangazi yake. Vaa nguo nyepesi ya kuvulika, beba daftari, beba majibu yote ya zamani hata yale yaliyoandikwa UTI, kwa sababu vipimo vya mkojo visivyo na wadudu mara tano ni ushahidi wako kwamba haikuwa UTI. Ukiambiwa rudi baada ya miezi mitatu, uliza ni kwa nini miezi mitatu na nini kitafanyika siku hiyo. Ukiambiwa hakuna kitu, uliza kama vena zilitazamwa ukiwa wima. Sema kwa adabu, sema kwa utulivu, lakini usiondoke kwenye kile kiti mpaka umejibiwa.

Na siku utakapotibiwa, usilifanye siri. Kwenye kikoba chenu kuna mwenzako anayechelewa kufika kikao kila Jumamosi, anayekaa karibu na mlango ili ajinyooshe mgongo ukutani. Ukimaliza kuweka hisa, mfuate nje. Muulize yake yanaanza saa ngapi. Mpe namba ya kliniki uliyokwenda, mwambie aombe dopla, achukue miadi ya jioni, na asikubali kupimwa akiwa amelala tu.